Joto, Ngazi, Maji: Namna ya Kuingia Sauna za Ufukweni Kaskazini mwa Ulaya

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kualikwa na anatafuta namna ya kukataa kwa heshima. Mfanyakazi mwenzako wa Oslo, mwalimu wako wa Tampere au wakwe zako wa Malmö wamekuambia: Jumamosi twende sauna, kisha tuingie majini. Nje ni nyuzi tatu chini ya sifuri. Ukatabasamu, ukasema tutaona, na moyoni ukasema hawa watu wana lao.

Usikatae. Ila usiende kichwakichwa. Wageni wengi hudhani wameitwa kwenye mtihani: nani atakaa benchi la juu zaidi, nani atavumilia zaidi, nani atakawia majini zaidi. Ufini iliwahi kuwa na mashindano ya namna hiyo mjini Heinola, kuanzia 1999. Yalikoma 2010 baada ya mshindani mmoja kufariki katika fainali, na hakuna aliyeyafufua. Wenyeji wenyewe hutoka wanapotaka, hushuka majini hadi magotini wakaghairi, na hakuna anayewauliza. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyomo humu ni utaratibu tu.

Kwanza tuweke ramani sawa. Skandinavia kwa maana yake finyu ni Denmark, Norwei na Uswidi. Ufini ni jirani yao. Lakini kwenye jambo hili jirani ndiye mwenye nyumba. Nchi hiyo ya watu kama milioni 5.5 ina sauna zipatazo milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa sauna wa Ufini katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Ina pia maziwa yapatayo 188,000, na sauna za zamani zilijengwa kando ya maji kwa sababu za kawaida kabisa: maji ya kuogea yalichotwa hapohapo, na kibanda kinachowashwa moto kila wiki ni heri kikae mbali na nyumba. Humo watu walioga, wanawake walijifungulia, na maiti waliandaliwa kabla ya kuzikwa. Kujitosa ziwani baada ya joto hakukubuniwa kwa ajili ya watalii.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua mji

Picha za watu waliozama kwenye tundu la barafu ndizo zinazovuta wageni, kwa hiyo wengi huanza Januari. Mimi ningewakataza. Anza Septemba au mapema Oktoba. Bahari ya Helsinki, ambayo Agosti hufika nyuzi 18 hadi 20 za sentigredi, huwa imeanza kupoa; itakushtua vya kutosha bila kukuonea. Ngazi hazina barafu, njia ya mbao haitelezi, na jioni bado kuna mwanga. Kufikia katikati ya Desemba Helsinki hupata mchana wenye urefu wa chini ya saa sita, na kupapasa ngazi gizani si somo la siku ya kwanza.

Kuna siri ndogo hapa. Wenyeji wengi wanaoogelea Februari hawakuanza Februari. Walichofanya ni kutoacha majira ya joto yalipokwisha, wakaendelea kila wiki, na mwili ukashuka pamoja na maji nyuzi moja baada ya nyingine.

Kwa mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, Bahari ya Baltiki ina mambo mawili ya kujua. Moja, haina kujaa na kupwa kwa maji kunakoonekana kwa macho, kwa hiyo ngazi uliyoiacha asubuhi utaikuta jioni kwenye kina kilekile, isipokuwa upepo mkali umeyasukuma maji. La pili ni kubwa zaidi: karibu na Helsinki chumvi yake ni kama sehemu moja ya sita tu ya ile ya Bahari ya Hindi. Mwili hauelei kama ulivyozoea kwenu. Maziwa ndiyo kabisa, hayana chumvi.

Hatua ya pili: chagua mahali panapokufaa, si panapopigwa picha

Ukiniuliza mimi, nenda Tampere. Ni safari ya treni isiyozidi saa mbili kutoka Helsinki, na mji huo ulijitangaza mwaka 2018 kuwa makao makuu ya sauna duniani. Majigambo, ndiyo, lakini si ya bure: sauna ya umma kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Ufini, Rajaportti, iko hapo tangu 1906. Hiyo haina ziwa mlangoni. Kwa maji nenda Rauhaniemi, kando ya ziwa Näsijärvi, ambako wazee wa mtaani, wanafunzi na wageni hubanana benchi moja na vazi la kuogelea ndilo desturi. Hakuna muziki, hakuna mapambo. Majira ya baridi pampu huzungusha maji ili tundu lisigande, na njia ya kuliendea hutunzwa. Utajifunza zaidi hapo kwa kutazama tu kuliko kwenye kitabu chochote.

Helsinki ina sura mbili. Kuna Löyly, jengo la mbao lenye pembepembe lililofunguliwa 2016 eneo la Hernesaari, lenye mgahawa, vazi la lazima na kuweka nafasi mapema. Allas, karibu na soko la bandarini, ilifunguliwa mwaka huohuo. Ina bwawa la maji yaliyopashwa moto na jingine la maji ya bahari yalivyo, kwa hiyo inamfaa mwenye watoto au mwenye hofu. Sura ya pili ni Sompasauna, iliyoanzishwa 2011 na watu waliojijengea kibanda kwa vipande vya mbao ufukweni bila kumngoja mtu. Haina kiingilio wala mhudumu. Unapasua kuni mwenyewe, unachochea moto mwenyewe, na ukitoka unamwachia anayekuja. Wake kwa waume hukaa pamoja na kila mtu huvaa au havai apendavyo, kwa hiyo si pa kumpeleka shangazi kwa kumshtukiza.

Oslo sauna huelea. Mbele ya jumba la Opera lililofunguliwa 2008, ndani ya ghuba ya mji, kuna vibanda vya mbao juu ya majukwaa yanayoelea, na mlango wa sauna uko hatua mbili kutoka majini. Vingi hukodishwa kiti kimoja kimoja au kibanda kizima. Malmö, upande wa Uswidi, kuna Ribersborg, nyumba ya kuogea ya mwaka 1898 iliyojengwa baharini mwishoni mwa gati refu. Kutoka Copenhagen ni kuvuka mlangobahari kwa treni. Denmark yenyewe ina vilabu vya waogeleaji wa majira ya baridi, vingine vyenye foleni ndefu ya kusubiri uanachama, lakini mgeni anaweza kununua nafasi kwenye kikao cha saunagus, nitakachokieleza mbele.

Si bahati kwamba miji hii yote imegeukia maji kwa wakati mmoja. Kingo za bandari zilizokuwa za meli, maghala na maji taka zilisafishwa, viwanda vikahama, na watu wakakuta bahari mlangoni inayoweza kuogelewa. Ufini ilikuwa na sababu ya ziada: majengo ya ghorofa yalipoanza kuwekewa sauna zao, sauna za umma za mitaani zilikufa moja baada ya nyingine, na kizazi kilichofuata kikazitamani upya.

Hatua ya tatu: suala la nguo, uliza kabla ya kulipa

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Ufini, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume hukaa uchi, na hakuna anayeliona kuwa jambo. Kwenye sauna za umma za mchanganyiko, kama Löyly, Allas na Rauhaniemi, vazi la kuogelea huvaliwa. Ribersborg ina upande wa wanawake na upande wa wanaume, na humo watu hukaa bila vazi. Oslo kwenye vibanda vya mchanganyiko desturi ni vazi. Denmark hutegemea klabu. Kwa hiyo usifuate nchi, fuata mlango. Kila mahali huandika kanuni zake, na swali la simu au la barua pepe halimuudhi mtu.

Mwenye kutunza stara ana njia tatu. Ya kwanza ni saa au upande wa jinsia moja, na taulo kiunoni au kifuani hukubalika sehemu nyingi hata kama wengine hawana. Ya pili ni vazi refu la kuogelea, burkini. Uliza mapema, na hakikisha ni kitambaa cha kuogelea kweli, si pamba, kwa sababu pamba iliyolowa hushikilia maji na ukitoka nje upepo utakukumbusha. Ya tatu ndiyo naipenda zaidi kwa familia na kwa makundi ya akina mama: kukodi kibanda kizima kwa muda wenu. Mkigawana gharama huwa nafuu kuliko inavyosikika, na mkiwa ndani kanuni ni zenu.

Simu hubaki kabatini. Kupiga picha ndani ya sauna au karibu na waogeleaji ni kosa ambalo litakutoa humo haraka kuliko jingine lolote.

Hatua ya nne: begi, ngozi na nywele

Beba taulo mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifutia. Kandambili zisizoteleza. Chupa ya maji. Kofia ya sufu, soksi nene na nguo zinazovalika upesi, zisizo na vifungo vingi, kwa sababu vidole vilivyotoka majini havitakutii. Wenyeji wengi wa majira ya baridi huvaa viatu na glavu laini za mpira za kuogelea; si woga, ni akili, maana viganja na nyayo ndivyo vinavyouma kwanza.

Vua vyote vya chuma: mkufu, hereni, bangili, kikuku, pini za mtandio. Chuma kwenye joto la nyuzi 80 huunguza ngozi. Miwani pia. Usijipake mafuta kabla ya kuingia; huchafua benchi na kulifanya liteleze. Mafuta ni ya baadaye, na utayahitaji, kwa sababu hewa ya majira ya baridi ni kavu mno.

Waongozaji wa huko huwa hawaandiki habari za nywele zetu, basi niandike mimi. Rasta za nywele bandia hushika joto, zikilowa huwa nzito, na ukitembea nazo nje kwenye baridi kali huganda. Zifunge juu, vaa kofia ya sufu au ya manyoya yaliyoshindiliwa ukiwa ndani ya sauna (ndiyo, ndani, sufu huzuia joto lisifike kichwani, na utaona wenyeji wanafanya hivyo), na usizamishe kichwa majini. Shanga za chuma kwenye nywele zitolewe. Wigi libaki kabatini pamoja na simu.

Hatua ya tano: jua kama siku hiyo si yako

Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa au mimba azungumze na daktari kwanza, hasa kuhusu maji baridi kuliko kuhusu joto. Mwenye homa apumzike nyumbani. Aliyekunywa pombe asiingie majini kabisa, hata akiwaona wenyeji wana chupa mikononi.

Utasikia pia kwamba sauna ni dawa ya moyo. Maneno hayo yana mzizi. Mwaka 2015 Jari Laukkanen wa Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20, na walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko walioingia mara moja. Lakini hao ni wanaume wa Ufini mashariki, waliozoea sauna tangu utotoni, na utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi peke yake kwamba sauna ndiyo iliyowalinda. Nenda kwa raha yake. Vidonge vyako endelea kuvimeza.

Hatua ya sita: ndani ya chumba

Oga kwanza, kwa sabuni, mwili mzima. Hili halina mjadala popote. Jifute, kwa sababu ngozi kavu hustahimili joto na kutoa jasho vizuri zaidi. Kisha fungua mlango, ingia, funga upesi. Kila sekunde mlango ukiwa wazi, joto la watu linatoka.

Usitegemee kitu kama kupiga nyungu. Chini ya blanketi la nyungu mvuke ni mwingi na mzito, na pumzi hubana. Ndani ya sauna hewa ni kavu, kati ya nyuzi 80 na 100, na mvuke huja kwa mawimbi pale maji yanapomwagwa juu ya mawe ya jiko. Wafini huuita mvuke huo löyly, na ndio wanaoufuata. Jiko na mbao ni vyombo vyake tu. Sauna za moshi, zisizo na dohani, huwashwa kwa saa nyingi, moshi ukatolewa kabla ya watu kuingia. Joto lake huwa la chini na laini zaidi, na ukipata nafasi, kwa mfano ziwani Kuusijärvi karibu na Helsinki, usiipoteze. Utatoka na masizi mgongoni.

Tandika taulo lako, ukae benchi la chini au la kati. Joto hupanda, kwa hiyo tofauti ya benchi moja ni kubwa kuliko unavyodhani. Pumua kwa pua, taratibu. Puani pakiungua, shuka benchi. Anayekaa karibu na ndoo ndiye kwa kawaida humwaga maji, kata moja au mbili, na mstaarabu huuliza kwanza kama wengine wanataka. Wewe mgeni usiguse kata hadi umeona watu wa siku hiyo wanavyofanya. Mvuke ukija, inamisha kichwa, acha upite mgongoni. Dakika moja, umekwisha.

Ukiona fungu la matawi ya birchi yenye majani, hiyo ni vihta au vasta, kutegemea sehemu ya nchi. Hulowekwa, kisha mtu hujipiga nayo mabegani na miguuni. Haiumi, inanukia msitu, na sehemu nyingine hairuhusiwi kwa sababu ya majani yanayoziba mifereji.

Kuhusu mazungumzo: Wafini wazee huwafundisha watoto wakae sauna kama wakaavyo kanisani, lakini hiyo haina maana ya ububu. Wanazungumza, kwa sauti ya chini, na mara nyingi husema humo mambo wasiyoyasema ofisini. Vyeo vimebaki kwenye vigingi vya nguo. Rais Urho Kekkonen alimkaribisha Nikita Khrushchev wa Umoja wa Kisovieti sauna mwaka 1960, na balozi nyingi za Ufini duniani zina sauna yao hadi leo. Kimya kikidumu, kiache. Na chunga unachomsengenyea mwenzako kwa Kiswahili: Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha lugha hii kwa miongo mingi, na wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaoizungumza wamefanya maisha katika nchi hizo.

Kikao cha saunagus cha Denmark kina taratibu zake. Kiongozi humwaga maji yenye mafuta ya manukato juu ya mawe na kupepea hewa kwa taulo, raundi baada ya raundi, mara nyingi na muziki. Ni kikali kuliko sauna ya kawaida. Kaa chini, karibu na mlango, na ukizidiwa nyoosha mkono utoke. Nakiri sikipendi sana. Kinafanana na onyesho, na mimi huenda sauna kupumzika.

Muda? Toka mwili ukisema. Kwa wengi mara ya kwanza ni dakika nane, kumi, kumi na mbili. Ukihisi kizunguzungu umechelewa. Toka, kaa chini, kunywa maji.

Hatua ya saba: ngazi

Sasa taratibu, kwa sababu hapa ndipo pa kuwa makini.

Usitoke sauna ukaenda mbio. Simama nje dakika moja, utaona mwili unafuka moshi na husikii baridi. Hiyo ni akiba yako. Inatosha kwa kushuka ngazi bila haraka. Hakikisha kuna mtu mwingine anayekuona. Uliza kina ni kiasi gani. Kama hujui kuogelea, na wengi wetu hatujui, bado unaweza kufanya yote haya, kwa sababu huogelei popote: unashuka ngazi ukiwa umeishika, unazama hadi mabegani, unapanda. Mkono usiachie chuma hata mara moja.

Geukia ngazi, shuka kinyumenyume kama unavyoshuka kwenye boti. Usiruke, usipige mbizi. Maji baridi yakigusa kifua, mwili utavuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa, na mapigo ya moyo yatapanda. Hilo ndilo linalowaua watu wanaoanguka kwenye maji ya baridi, wakavuta pumzi hiyo kichwa kikiwa chini ya maji. Kwa hiyo kichwa kinabaki juu, na unachofanya ni kimoja tu: toa pumzi. Ndefu, kwa mdomo. Kila unaposhuka kidato, toa pumzi. Maji yakifika kitovuni utataka kurudi. Unaweza kurudi, hakuna aibu. Ukiendelea, zama hadi mabegani, hesabu pumzi tano au sita ndefu, panda.

Hiyo yatosha kwa siku ya kwanza, na kwa siku nyingine nyingi. Mshtuko wa pumzi hupungua baada ya dakika moja au mbili, na hapo ndipo penye mtego: mtu huanza kujisikia vizuri, akadhani ameishinda baridi, akakawia. Kumbe mikono inapoteza nguvu kimyakimya, na mkono usio na nguvu haupandi ngazi. Toka ukiwa bado unajisikia hodari.

Kwenye barafu mambo ni yaleyale, isipokuwa vaa viatu, shika kamba au kingo za ngazi, na usisogee hata mita moja nje ya tundu. Chini ya barafu hakuna pa kutokea.

Hatua ya nane: kaa nje, kisha urudi

Ukitoka majini ngozi huwaka, vidole huchoma, na kwa dakika kadhaa kichwa huwa chepesi kwa namna ambayo sitajaribu kuieleza. Wageni hukimbilia sauna papo hapo. Usifanye hivyo. Jifunge taulo, vaa kofia, kaa kwenye benchi la nje dakika tatu, nne, utazame maji. Nusu ya starehe ya sauna ni hapa. Kunywa maji. Ukianza kutetemeka, ingia ndani.

Mara mbili au tatu ni kawaida. Wenyeji wengine humaliza upande wa baridi, wengine upande wa joto, na kila kundi lina hoja zake. Mara ya mwisho jioshe kwa maji bila sabuni, jipake mafuta, vaa kikamilifu kabla ya kutoka. Mwili huendelea kupoa hata baada ya kuvaa, kwa hiyo usipange kusimama kituo cha basi nusu saa.

Njaa itakujia ghafla. Wafini huoka soseji kwenye moto, na nyingi zina nyama ya nguruwe ndani yake hata jina lisiposema. Uliza, au beba yako. Mkate wa nafaka ya rai na samaki wa kukaushwa kwa moshi hupatikana karibu kila mahali, na chai ni chai.

Ukialikwa kwa mtu, ziwani

Hii ni daraja nyingine kabisa. Mfini akikualika kwenye nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa amekupa kitu ambacho hakiuzwi. Fika na mkononi una kitu: kahawa nzuri, matunda, au kahawa ya kwenu, ambayo itapokewa kwa furaha maana Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani. Usiulize sauna itawashwa saa ngapi, utaona moshi. Ulizia kazi: kubeba kuni, kuchota maji ziwani, kufagia mabenchi. Zamu hupangwa, labda wanawake kwanza kisha wanaume, labda familia kwa familia, na mwenyeji atakwambia yako bila wewe kujieleza. Ukitaka kuingia peke yako, sema hivyo tu. Ndilo ombi la kawaida kuliko yote.

Ukimaliza, mwagia benchi lako maji, jaza ndoo kwa ajili ya anayefuata, ning'iniza kata mahali pake. Wa mwisho kutoka huongeza kuni moja au mbili jikoni ili joto likikaushe chumba. Muulize mwenyeji kama wa mwisho ni wewe.